Kujifunza Biblia kwa Watu Wazima Kanisani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu huuliza wakitoka ibadani, au humnong'oneza kiongozi pembeni kwa sababu wanaona haya kuyasema mbele ya wengine. Majibu yameandikwa na mtu anayevipenda vikundi hivi, na anayeamini kwamba kazi yake ya kwanza ni moja: andiko lenyewe lisikike, kabla ya maoni yetu kuhusu andiko.

Nahudhuria ibada kila Jumapili na mahubiri nayasikia. Kikundi kitaniongezea nini?

Nafasi ya kuuliza. Mhubiri akiwa mimbarini huwezi kunyoosha mkono ukamwambia, "Hapo umefikaje?" Kikundini unaweza, na unatarajiwa ufanye hivyo. Tazama Nehemia 8. Kuhani Ezra anawasomea watu torati tangu asubuhi hadi adhuhuri, wanaume, wanawake na wote walioweza kufahamu; lakini habari haiishii kwenye kusomewa. Kuna Walawi, wahudumu wa hekalu, ambao kazi yao ni kuwafahamisha watu maana ya kilichosomwa. Hizo ni kazi mbili, na kanisa lililobaki na ile ya kwanza peke yake lina waumini wanaoijua sauti ya Biblia bila kujua inasema nini.

Kikundi hakishindani na mahubiri. Mara nyingi aliyejifunza katikati ya wiki ndiye anayesikiliza vizuri zaidi Jumapili, kwa sababu amekwisha kupambana na kifungu chenyewe. Watu wa Beroya katika Matendo 17:11 walimsikiliza Paulo kwa moyo wote, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Wanasifiwa kwa yote mawili.

Mimi Biblia siijui kabisa. Sitaonekana mjinga?

Hapana, na ningependa ulisome jibu hili hadi mwisho, maana hofu hii ndiyo inayowazuia watu wengi kuliko sababu nyingine yoyote.

Katika Matendo 8 kuna towashi wa Kushi, mtu mkubwa serikalini, msimamizi wa hazina ya malkia. Yuko garini mwake anasoma kitabu cha Isaya. Filipo anamuuliza kama anaelewa anachosoma, naye anajibu waziwazi: nitawezaje, mtu asiponiongoza? Kisha anamkaribisha apande waketi pamoja. Cheo chake hakikumzuia kusema hivyo. Na swali analouliza baadaye, kama nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine, ni swali ambalo wasomi wa Isaya wanaliuliza hadi leo.

Mgeni wa Biblia ni baraka kwa kikundi. Sisi tuliozoea tunapita haraka kwenye maneno kwa sababu tunadhani tunayajua. Yeye anasimama, anauliza "Mfarisayo ni nani?", na nusu ya watu chumbani wanagundua kwamba hawana jibu la kueleweka.

Kwa viongozi nina ombi moja. Taja ukurasa, usitaje kitabu tu. Ukisema "tufungue Obadia" kisha ukaanza kusoma, umemwacha mtu anapekua kurasa kwa aibu huku wenzake wanamtazama.

Sijui kusoma vizuri, au macho yangu hayaoni. Nije?

Njoo. Sehemu kubwa ya Biblia ilipokelewa kwa masikio kabla ya kupokelewa kwa macho. Paulo anawaapisha Wathesalonike kwamba waraka wake usomwe kwa ndugu wote (1 Wathesalonike 5:27), na Ufunuo unaanza kwa kumbariki asomaye pamoja na wale wanaosikia: msomaji mmoja, wasikiaji wengi. Ukisomewa vizuri, mara mbili, polepole, umepata kilekile walichopata Wakristo wa kwanza.

Kwa hiyo ile desturi ya kuzunguka duara, kila mmoja asome mstari mmoja, iachwe. Inamdhalilisha asiyeweza, nayo inaikatakata habari. Waombwe watu wawili wanaosoma vizuri, na waambiwe mapema ili wajiandae. Biblia za sauti zipo, za maandishi makubwa zipo, na simu inaweza kukuza herufi hadi mtu aone.

Nitumie Biblia ipi?

Uliyo nayo. Kwa Kiswahili wengi wana Union Version iliyotoka mwaka 1952, yenye lugha ya heshima na mistari ambayo watu wameishika moyoni. Tafsiri ya Habari Njema ina sentensi rahisi zaidi kwa msomaji wa leo. Kikundi chenye zote mbili kimebahatika: soma kifungu katika moja, kisha katika nyingine, na pale zinapoachana simama uulize kwa nini. Hapo somo zuri huanza lenyewe.

Biblia yangu ina vitabu 66, ya mwenzangu ina 73. Tunaweza kujifunza pamoja?

Ndiyo. Agano Jipya ni lilelile, vitabu 27. Tofauti iko katika Agano la Kale, ambako Wakatoliki wana vitabu saba zaidi (Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku), pamoja na nyongeza katika Esta na Danieli. Kikundi cha mchanganyiko kikianza na Injili hakitakutana na tatizo hilo kwa miezi mingi. Na kama wewe ni Mkatoliki uliyekua ukisikia kwamba kusoma Biblia ni mambo ya Waprotestanti, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lenu, uliwahimiza waamini wote mwaka 1965, katika hati ya Dei Verbum, wayasome Maandiko mara kwa mara.

Tuanze na kitabu gani?

Marko. Ni Injili fupi kuliko zote, ina sura 16, inakwenda kwa kasi, na katikati yake kuna swali la Yesu kwa wanafunzi wake kwamba wao wanasema yeye ni nani. Mtu yeyote anaweza kuingia kupitia mlango huo.

Baada ya Marko, chagueni kifupi: Ruthu, Yona au Wafilipi, vyenye sura nne kila kimoja, au Yakobo chenye tano. Kumaliza kitabu kizima kunawapa watu moyo. Nimeona vikundi vikiapa kuisoma Biblia yote kuanzia Mwanzo, vikakwama kwenye Mambo ya Walawi, vikafa huko. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ukitaka kuimaliza kwa mwaka mmoja ni zaidi ya sura tatu kila siku. Mtu binafsi anaweza kufanya hivyo nyumbani, na ni jambo jema. Kikundi hakiwezi kuzungumza sura tatu kwa siku, na kazi ya kikundi ni mazungumzo.

Ufunuo je? Kila kikundi kinautaka mapema. Ungojeeni kidogo. Umejaa mwangwi wa Ezekieli, Danieli, Kutoka na Zekaria, na asiyejua walikotoka wale wanyama na zile pembe atalazimika kuwabunia maana kutoka kwenye habari za wiki.

Kipindi chenyewe kinakwendaje?

Saa moja na nusu inatosha. Sala fupi, kifungu kinasomwa kwa sauti mara mbili, kisha kimya cha dakika mbili au tatu kila mtu akikitazama mwenyewe. Msikiogope kimya hicho. Kiongozi asiyekivumilia atajibu maswali yake mwenyewe jioni nzima.

Baada ya hapo yapo maswali matatu, na mpangilio wake una maana kubwa. La kwanza: kuna nini hapa? Nani yupo, anafanya nini, ni neno gani linarudiwa, ni jambo gani linashangaza. La pili: mwandishi alitaka wasomaji wake wa kwanza waelewe nini? La tatu, na la mwisho: linatudai nini sisi? Vikundi vingi huruka moja kwa moja hadi la tatu. Ndipo kila kifungu kinageuka kuwa mawaidha yaleyale ya tuwe na imani, tuombe sana, tusikate tamaa.

Chukua Marko 4:35-41, Yesu anapotuliza dhoruba. Ukiuliza haraka, utaambiwa kwamba Yesu hutuliza dhoruba za maisha yetu. Sasa rudini mtazame. Kulikuwa na mashua nyingine pamoja nao. Mbona mwandishi anazitaja kisha anaziacha? Yesu amelala, kichwa juu ya mto wa kulalia, katikati ya maji yanayojaa chomboni. Wanafunzi hawaombi msaada. Wanamlaumu kwamba hajali. Na hili ndilo linalowashtua watu wakiliona kwa mara ya kwanza: ile hofu kuu ambayo Marko anaitaja, anaitaja baada ya bahari kutulia. Upepo umekoma, nao wanaogopa zaidi. Wanaulizana huyu ni nani hata upepo na bahari vinamtii, na habari inakatika hapo, bila jibu. Kikundi kilichofika kwenye swali hilo kwa macho yake kimejifunza kitu ambacho hakitakisahau. Kisha mzungumze juu ya dhoruba zenu, nayo yatakuwa mazungumzo mengine kabisa.

Kuna njia nyingine ya zamani, inayowafaa wale wanaotaka sala zaidi ya mjadala. Mtawa Guigo wa Pili, katika karne ya 12, aliieleza kama ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Siyo lazima kuchagua moja. Jioni moja hivi, nyingine vile.

Kwa nini mnasisitiza kusoma kifungu kizima? Mstari mmoja wa kunitia nguvu hautoshi?

Mstari unaweza kukutia nguvu. Swali ni kama unakuambia ulichodhani unakuambia.

Yeremia 29:11 unapendwa mno: Mungu anajua mawazo anayowawazia watu wake, mawazo ya amani, ili awape tumaini. Soma sura nzima. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Katika sura iliyotangulia nabii Hanania ameahidi kwamba mambo yatakwisha ndani ya miaka miwili, na Yeremia anamwambia ni uongo. Barua inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji uliowateka, kwa sababu watakaa huko miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile wangefia Babeli. Ahadi ni ya kweli, lakini imetolewa kwa watu walioambiwa wasubiri kuliko urefu wa maisha yao. Mimi naona tumaini hilo ni zito kuliko lile la kwenye kalenda, na ninamwonea huruma mgonjwa aliyepewa mstari huo kana kwamba ni tarehe ya kupona.

Ndivyo ilivyo Wafilipi 4:13. Paulo anayaweza mambo yote katika yeye amtiaye nguvu. Katika mstari uliotangulia anaeleza kwamba mambo hayo ni kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anaandika akiwa kifungoni.

Namba zenyewe zilikuja baadaye sana. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na msomi Mwingereza Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari katika Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Zinasaidia kutafuta mahali. Pengine zinakata wazo katikati: wimbo wa mtumishi ateswaye unaanza Isaya 52:13, na anayeanzia sura ya 53 ameupokea ukiwa hauna kichwa.

Biblia yangu imeweka mabano au maelezo mwishoni mwa Marko. Je, Neno limechezewa?

Hapana. Wafasiri wanakuambia ukweli. Marko 16:9-20 haimo katika baadhi ya nakala za Kigiriki za kale zaidi tulizo nazo, na Yohana 7:53 hadi 8:11, habari ya mwanamke aliyefumaniwa, iko hivyohivyo. Biblia ilinakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi, na nakala ni nyingi kiasi kwamba zinaweza kulinganishwa. Kiongozi aseme hivyo mapema, kwa utulivu. Anayelisikia kwanza kikundini analipokea. Anayelisikia kwanza kutoka kwa mtu anayetaka kumtoa katika imani hujiuliza kwa nini kanisa lilimficha.

Nina mashaka. Naweza kuyasema?

Yaseme. Habakuki anaanza kitabu chake kwa kumlalamikia Mungu. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja, na imo ndani ya kitabu cha sala. Tomaso, mwanafunzi aliyekataa kuamini kwamba Yesu amefufuka mpaka aone mwenyewe, hakufukuzwa. Kiongozi anayemjibu mwenye mashaka kwa kumwambia "wewe amini tu" amemfundisha kunyamaza, na atakayenyamaza leo hatakuwepo mwakani.

Tukitofautiana kuhusu mafundisho?

Mtatofautiana: ubatizo, siku ya ibada, karama, divai. Turudi kwenye kifungu tulicho nacho mbele yetu, tuulize kinasema nini na hakisemi nini. Suala likibaki, lipelekwe kwa mchungaji au padre. Lisitafune jioni zote.

Tuwe wangapi?

Kati ya sita na kumi na wawili. Chini ya hapo, wawili wakikosa kipindi kimeyumba. Zaidi ya hapo, wapole hawasemi tena. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alipowagawa Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, mwaka 1742, kila kundi lilikuwa na watu kama 12. Nia ya awali ilikuwa kukusanya senti za kulipa deni la jengo, lakini waliokuwa wakiwapitia watu wakaanza kujua hali zao, na uangalizi huo ndio uliobaki kuwa kazi kuu ya makundi yale.

Na habari za pesa?

Kikundi kisikopeshe wala kisiuze kitu. Mwenzetu akipatwa na msiba tusaidiane, lakini mtu asishindwe kuja kujifunza Neno kwa sababu anadaiwa mchango.

Kuna mtu mmoja anaongea jioni nzima. Tufanyeje?

Kiongozi azungumze naye faraghani, kwa upendo, na amwombe amsaidie kuwavuta wengine. Kipindini aseme, "Tusikie kwa ambaye hajasema." Mara nyingi anayeongea sana ana upweke ambao haujapata pa kutulia, akipata mtu wa kumsikiliza siku nyingine, hupunguza mwenyewe.

Nikisimulia mambo yangu, yatatoka nje?

Hayapaswi kutoka, wala kwa mke au mume wa mwanakikundi, wala kwa mlango wa nyuma wa "tumwombee fulani." Jambo hili lisemwe wazi siku ya kwanza na lirudiwe kila anapokuja mtu mpya. Kuna mpaka mmoja: kama mtoto anaumizwa, au mtu yuko katika hatari ya kuuawa, kupigwa au kujidhuru, kiongozi hawezi kukaa nalo. Atatafuta msaada unaofaa, na ni haki watu wajue hivyo kabla hawajasimulia.

Wanawake wanaweza kuongoza?

Makanisa yana taratibu tofauti kuhusu huduma ya mimbarini, na kikundi kiheshimu za kwake. Lakini Apolo, msemaji hodari aliyeyajua Maandiko, alielezwa njia ya Mungu kwa usahihi zaidi na Prisila pamoja na Akila (Matendo 18:26). Kanisa lisilowasikiliza wanawake wake wakieleza Maandiko linajinyima.

Kiongozi lazima awe amesoma thiolojia?

Si lazima. Lazima ajiandae. Asome kifungu mara kadhaa kabla ya kufungua kitabu cha maelezo, aandike maswali manne au matano yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na awe na itifaki (kitabu kinachoonyesha kila neno liko wapi katika Biblia), kamusi ya Biblia na ramani. Ramani hasa, watu wengi wamesoma safari za Paulo miaka yote bila kuona umbali wake. Na aweze kusema, "Sijui, nitatafuta," kisha atafute kweli na kurudi na jibu.

Awe na msaidizi tangu mwanzo, ambaye ataongoza mara moja kwa mwezi. Kikundi kinachomtegemea mtu mmoja hufa siku anapohama.

Hili ni sawa na darasa la katekisimu?

Hapana. Katekisimu inakupa muhtasari wa imani ya kanisa kwa mpangilio: Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529, ya Heidelberg ya 1563, ya Kanisa Katoliki ya 1992. Anayejiandaa kwa ubatizo au kipaimara anaihitaji. Kikundi cha Biblia kinafuata kitabu kinakokwenda, hata kikikupeleka mahali ambapo muhtasari haukufika.

Naweza kushiriki kwa simu?

Ukiwa mgonjwa, safarini au zamu ya usiku, ndiyo. Kundi la ujumbe wa simu litumike kwa taarifa na maombi. Mjadala wa andiko kwa ujumbe mfupi huishia kwenye ugomvi, kwa sababu hatuoni nyuso.

Nije na nini siku ya kwanza?

Biblia kama unayo, na kalamu. Soma Marko sura ya kwanza kabla hujaja, na weka alama ya kuuliza pembeni mwa kila jambo usilolielewa. Tutaanza na alama zako.